Alama Zilizoniamkia

Usiku wa kuamkia leo niliota, na ndani ya ndoto hiyo sikuwa na kofia, sikuwa na soksi ya mguu wa kushoto, sikuwa na miwani, sikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, sikuwa na barua ya pili ya mwalimu, na sikuwa na kisogo. Hilo la kisogo nililigundua baadaye, nilipotaka kujikuna.

Vingine havikunisumbua. Kilichonisumbua ni barua.

Niseme wazi kwa asiyenijua. Mimi ni Zefania Kalinga, fundi cherehani wa hapa Iringa, umri wangu miaka sitini na saba. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na wajukuu wanne. Sasa niko mwaka wa tatu Chuo cha Idunda, chuo kidogo ambako mtu anasoma kidogo kidogo katika kila kitu, historia, falsafa, fasihi, hesabu na habari za nyota, kabla hajaamua atakuwa nani. Mimi niliamua kabla sijaingia. Nimewashonea mawakili wa mji huu kwa miaka thelathini na nne, na kabla sijafa nataka nivae nilichokuwa ninakishona. Kitivo cha Sheria kinataka mwombaji alete barua mbili za walimu wanaomfahamu vizuri. Ninayo moja. Mwisho wa kupokea maombi ni leo, saa kumi jioni.

Katika ndoto pia ilikuwa leo.

Ninasimama mbele ya dirisha la Kitivo. Nyuma ya kioo hakuna mtu. Kuna suruali nyeusi iliyosimama yenyewe, mkunjo umenyooka, mkanda umefungwa. Inapiga mihuri kwa goti.

"Anayefuata," inasema suruali.

Mimi ndiye ninayefuata. Nikasogea, nikasimama.

"Unasubiri nini?"

"Nasubiri salamu."

"Salamu ni dirisha la saba."

Nikaangalia dirisha la saba. Lilikuwa limezibwa kwa matofali, na plasta bado mbichi.

"Mwongozo wa mwombaji umeusoma?" ikauliza suruali.

"Nimeusoma mara kumi na moja. Unasema mwombaji anaweza kutoka katika fani yoyote ile, mradi awe anasoma sana, anaandika vizuri na anafikiri sawasawa."

"Fani yako?"

"Yoyote ile."

Suruali ikaandika *Yoyote Ile*. "Mwaka huu mko wengi," ikasema. "Maelezo binafsi?"

Nikatoa kurasa zangu mbili, nilizoziandika kwa miezi miwili. Suruali ikaziweka juu ya mizani ya bucha. Mshale haukutikisika. Ikaongeza mihuri miwili juu yake. Mshale ukaonyesha uzito wa mihuri.

"Umeandika nini humu?"

"Nimeandika kwamba mimi ni mtu ninayeheshimika sana."

"Ndiyo maana," ikasema suruali. "Barua."

Nikatoa ile moja niliyokuwa nayo, ya Mwalimu Lutengano wa Historia, kijana mwenye adabu. Suruali ikaisoma kwa sauti, na foleni yote ikasikiliza.

"'Mzee Kalinga ni mzee. Anawahi. Anakaa mbele. Akiingia darasani sote tunasimama. Hajawahi kukohoa wakati wa somo. Tunamwombea maisha marefu.'" Ikaigeuza nyuma, ikakuta patupu. "Hapa hapasemi kama unaweza kufikiri."

"Hilo linajulikana."

"Na nani?"

"Na watu."

"Waite."

Nikageuka kuwaita. Nyuma yangu hapakuwa na foleni tena. Palikuwa na darasa la Idunda, wanafunzi sitini, na wote walikuwa wamesimama.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Hawakukaa. Mwalimu Lutengano yuko ubaoni, ameshika chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ile bapa ya bluu. Ananitazama kwa upendo.

"Mzee wetu, hebu tuambie, Vita vya Majimaji vilianza mwaka gani?"

Jibu ninalijua. Nafungua kinywa nilitoe, na kinachotoka ni "Kilo mbili."

Darasa likapiga makofi.

"Kilo mbili!" akasema Mwalimu Lutengano. "Mmesikia? Andikeni."

Wakaandika.

"Mwalimu, nimekosa," nikasema.

"Umekosa vizuri sana, mzee wetu."

"Nasema ni kosa. Nirekebishe."

Akaangalia viatu vyake. "Mimi? Nikurekebishe wewe? Mama yangu akisikia?"

Mlango wa kabati la ramani ukafunguka, mama yake akachungulia akiwa na kanga kichwani. "Nimesikia," akasema, akafunga kabati.

Binti mmoja wa kiti cha mbele akanigeukia akitabasamu. "Babu naye! Wewe ungesema hata kilo tatu tungeandika."

Wote wakacheka, na mimi wakanipigapiga begani. Walinicheka kwa mapenzi, na mapenzi hayo yaliniogopesha kuliko kama wangenizomea.

Ubao ukawa dirisha. Suruali ilikuwa bado pale, sasa imeshika karatasi ya matokeo yangu ya miaka yote mitatu. Haikuwa karatasi. Ilikuwa kitambaa, na alama zilikuwa zimeshikizwa juu yake kwa uzi mweupe. Fundi yeyote anaujua uzi huo. Ni ile mishono mirefu ya kushikiza, tunayoipiga ili nguo ikae mwilini kwa muda, mteja ajaribu, kisha tunaifumua.

"Alama zako hazijashonwa," ikasema suruali, ikavuta uzi.

Sabini na moja ya Historia ikashuka mezani, ikajikung'uta, ikapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Ikatoka mlangoni.

Ikashuka sitini na sita ya Falsafa ya Kale. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Ikatoka. Sabini na tatu ya Habari za Nyota. Sitini ya Hesabu, ambayo hata mimi nilikuwa naitilia shaka. Zilipofika tano nikaelewa kwamba kila nikiitikia, moja inaondoka. Nikabana midomo.

Sitini na tisa ya Fasihi ikasimama mbele yangu, mikono kifuani, inasubiri.

"Shikamoo, babu," ikarudia, kwa upole sana.

Sasa mtu aliyelelewa atafanya nini? Nikaitikia.

Niliitikia mara ishirini na moja. Mahali zilipokuwa alama, kitambaa kilibaki cheupe, hakina hata tundu la sindano.

"Chini yake palikuwa na nini?" nikauliza.

"Hapakuwa na kitu. Walimu waliona jina lako juu ya karatasi, wakaamkia. Hawakufunua ukurasa."

"Hata ile insha yangu ya kurasa kumi na nne juu ya Wagiriki?"

"Bado imebanwa na pini yako mwenyewe. Pini imeshika kutu."

Ilibaki alama moja, hamsini na nane ya Mantiki. Hii haikupiga goti. Ilisimama, ikafungua vifungo, ikavua koti, na ndani ya koti palikuwa na thelathini na nane, nyembamba, inatetemeka kwa baridi.

"Habari yako, Kalinga," ikasema. "Sisi tunajuana."

Ni kweli tunajuana. Mambo yalikuwa hivi, na haya si ndoto. Mwaka jana somo la Mantiki lilifundishwa na Dokta Nsia Lyatuu, binti wa miaka ishirini na tisa. Alinipa thelathini na nane kati ya mia na akaandika kwa wino mwekundu: *Unatoa hukumu kabla ya hoja. Rudia somo.* Nilikunja karatasi hiyo palepale. Nilivaa suti, nikaenda kwa mkuu wa chuo na barua ya malalamiko, nikakaa ofisini kwake bila kusema neno mpaka akaanza kujikuna shingo. Ndipo nikamwambia, "Mwanangu wa mwisho ana umri mkubwa kuliko huyu." Mkuu akasema, "Mzee, usiumie moyo. Tutalirekebisha." Kufika Ijumaa alama ilikuwa hamsini na nane, na Dokta Nsia aliamriwa aweke sahihi pembeni. Siku iliyofuata tulikutana ukumbini. Mwaka mzima alikuwa akinisalimu kwa "habari za leo, Kalinga," kama anavyowasalimu wengine. Siku hiyo aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mzee," akapita. Nilijiambia kwamba nimeshinda.

"Nani alikufundisha mambo haya?" ikauliza suruali.

"Mambo gani?"

"Ya kulegeza."

Ikageuka, ikanionyesha mshono wa nyuma ya kiuno. Nikautambua mkono wangu. Ilikuwa suruali ya marehemu wakili Chengula.

Katika kazi yetu tunaacha kitambaa cha ziada kwenye mshono huo. Wakili Chengula alikuja kila Desemba nimpime, na kila Desemba nilimwambia, "Mheshimiwa, hujabadilika hata kidole." Akishatoka, nafumua, nalegeza inchi moja, napiga pasi. Mtu mkubwa haambiwi kwamba amenenepa. Unalegeza, unanyamaza, naye anavaa akijiona yuleyule wa siku ya harusi yake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine.

"Miaka kumi na minne," ikasema suruali. "Daktari alimwambia apunguze kula, moyo unazidiwa. Akamjibu, 'Daktari, mimi fundi wangu ananipima kila mwaka, sijaongezeka.' Nikazikwa naye."

"Nilifika msibani," nikasema.

"Ulilia sana. Nilikuwepo."

Nilitaka kukaa. Lakini viti vyote vya ukumbi ule vilikuwa vimesimama kwa heshima yangu.

"Barua ya pili," ikasema suruali, "iandikwe na mtu aliyekupima."

"Yupo mmoja tu."

"Basi huyo."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Kumi kasoro robo. Imekuwa kumi kasoro robo tangu asubuhi, lakini inakaribia kwisha."

Nikatoka, nikajikuta kwenye ukumbi mrefu wa Idunda. Mwisho wake Dokta Nsia ameketi mezani, anasahihisha. Shingoni mwangu futi yangu ya kupimia, ile ya kitambaa, ikajinyoosha na kuongea.

"Hatua nane," ikasema futi.

Nikasimama, nikamsubiri ainue macho anisalimu.

"Hatua kumi na sita."

"Sijasogea hata kidogo!"

"Ndiyo. Mwongozo unataka mwombaji awe na uhusiano wa karibu na mwalimu wake. Wewe unasubiri salamu, Kitivo kinapima umbali." Ikajinyoosha tena. "Thelathini na mbili."

Nikakohoa ili anisikie. Sitini na nne. Nikataja jina langu na mtaa wangu. Mia na ishirini na nane. Dokta Nsia alikuwa amebaki mdogo kama kichwa cha pini, na kalamu yake nyekundu siioni tena.

"Mwambie aniamkie tu mara moja," nikaiambia futi. "Nitakwenda mwenyewe baada ya hapo."

"Alishakuamkia mara moja. Iliongeza maili tatu."

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kunishuhudia isipokuwa vitasa vya milango.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Neno hilo mara ya mwisho nililitoa kwa shangazi yangu, na shangazi tulimzika mwaka wa themanini na tisa. Lilitoka kwa kukwaruza. Lakini lilitoka, na ukumbi wote ukajikunja kama doti ya kanga inayorudishwa sandukuni, na mimi nikawa mbele ya meza yake.

"Marahaba," anasema Dokta Nsia, bado anasahihisha. "Kaa."

Kiti kikakaa kwanza. Kisha mimi.

"Umekuja kwa ajili ya barua."

"Ndiyo, mwalimu."

"Naweza kuiandika. Nitaandika kwamba unatoa hukumu kwanza, halafu unazitafuta hoja, na ukizikosa hoja unatumia umri."

"Hiyo itanimaliza."

"Ni mistari mitatu."

"Hakuna jingine la kusema juu yangu?"

Akaweka kalamu chini, akafikiri. Ilikuwa ajabu kumwona mtu akifikiri kwa sababu yangu.

"Ukurasa wa sita wa karatasi yako ya Mantiki," akasema, "palikuwa na hoja moja nzuri. Nzuri kabisa. Niliizungushia wino wa kijani. Hukuiona?"

"Sikufika ukurasa wa sita. Niliona alama, nikaenda kwa mkuu."

Hapo nililia. Nililia kwa utaratibu, kama mtu mzima, leso mkononi. Katika chuo kizima mtu mmoja alikuwa amefika ukurasa wangu wa sita, na ni huyo niliyemshitaki.

Dokta Nsia akasubiri nimalize. Hakusema pole.

"Iko shida," akasema. "Daftari la chuo linasema hamsini na nane. Barua yangu itasema thelathini na nane. Watauliza nani mwongo, wewe au mimi. Mimi siwezi kuirudisha alama. Anayeweza kufuta malalamiko ni mlalamikaji peke yake."

"Nikiyafuta, nimefeli Mantiki."

"Umefeli."

"Na Kitivo hakimpokei aliyefeli Mantiki."

"Hakimpokei."

"Kwa hiyo niyafute malalamiko, halafu mwaka huu niukose."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu Januari unarudia somo. Chumba cha nne, saa mbili asubuhi. Ukichelewa nafunga mlango."

"Januari nitakuwa na miaka sitini na nane."

"Hiyo siwezi kuirekebisha," akasema Dokta Nsia.

Akanipa karatasi. Nikatafuta kalamu, nikapata sindano. Ikaandika vizuri tu. Niliandika hivi: *Kwa Mwalimu wangu, Nsia Lyatuu. Naomba alama yangu irudishwe mahali pake. Malalamiko niliyoyapeleka hayakuwa na hoja, yalikuwa na umri tu. Z. Kalinga.* Neno *wangu* lilifutika mara mbili. Mara ya tatu likakubali kukaa.

Nikaikunja barua, nikaitia kwenye bahasha, nikalamba gundi. Ilikuwa na ladha ya uji uliolala. Nikabandika stempu. Ukutani, karibu na bega langu, pakatokea sanduku jekundu la posta.

"Una hakika?" likauliza sanduku.

"Sina."

"Lete hivyo hivyo," likasema, likaimeza.

Ng'ambo ya ukuta nikaisikia suruali ya wakili Chengula ikishusha dirisha. Saa kumi. "Kalinga hakuleta," ikasema, ikapiga muhuri wa mwisho kwa goti.

Nje, alama zangu ishirini na moja zilikuwa zinavuka uwanja wa chuo zikipiga soga. Nilisimama njiani. Zilipita kushoto na kulia kwangu, na hakuna hata moja iliyoniamkia.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda dirishani. Mezani, bahasha kubwa ya maombi ilikuwa pale nilipoiacha, haijafungwa, ndani yake kurasa zangu mbili, matokeo yangu ya miaka mitatu na barua ya Mwalimu Lutengano. Nikajiambia, Zefania, ndoto ni ndoto. Hadi saa kumi kuna muda, nenda kwa mwalimu wa Fasihi, hawezi kukukatalia. Nikapitisha ulimi kwenye meno. Kinywa kizima kilikuwa na ladha ya uji uliolala, na kwenye mdomo wa chini palikuwa na kijipande cha karatasi. Nikakibandua. Kilikuwa ukingo wa stempu, wenye menomeno.

Mke wangu aliingia na birika la chai.

"Baba Vumilia, umeamka? Mbona macho yamevimba?"

"Nimelala vibaya."

"Si kulala vibaya, ni kutolala. Ile barua nimeshaipeleka."

"Barua ipi?"

Akaniangalia kama anayeangalia mtu anayemtania. "Barua ipi! Si hiyo uliyonipa alfajiri. Umeniamsha, umenishikisha mkononi, 'Wahi kabla hawajafungua sanduku.' Nikadhani ndiyo maombi yako, lakini nikaona mbona nyepesi. Nikasema basi, wasomi wana mambo yao."

"Ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa, ina stempu. Nimemkuta yule bwana wa posta analifungua sanduku, nikampa mkononi, akaitupia kwenye gunia mbele ya macho yangu." Akamimina chai, akasita. "Ila nikuulize. Tangu lini wewe una mtu unayemwandikia 'Mwalimu wangu' juu ya bahasha?"

Nilimuuliza kama gari la posta bado liko pale.

"Limeshapita darajani, baba Vumilia," akasema. "Kunywa chai."